Mama, Mtoto Mchanga na Maradhi ya Mlipuko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Lamu

Maswali haya yalianza kuulizwa kwa wingi mwaka 2020, wakati wa Korona, na hayajakoma hadi leo. Kila panaposikika habari ya maradhi mapya, mama mjamzito wa Faza, Kizingitini au Matondoni hukumbuka kisa cha jirani aliyejifungua kisha mwanawe akapelekwa chumba kingine kabla hajamwona uso, naye huingia kliniki akiwa na hofu hiyo moyoni hata kama hakuitamka. Kanuni nyingi zilizosababisha visa vya namna ile zimekwisha kubadilishwa, lakini kisa husafiri haraka kuliko kanuni. Tumeyapanga maswali kwa kadiri tunavyoulizwa.

Nikifika hospitali nina kikohozi na homa, je, mtoto wangu atachukuliwa mara tu atakapozaliwa?

Kwa maradhi ya Korona, hapana, isipokuwa wewe mwenyewe uwe umezidiwa kiasi cha kushindwa kumhudumia, au mtoto awe na tatizo lake linalohitaji uangalizi wa pekee. Tangu Machi 2020 Shirika la Afya Duniani limeshikilia kwamba mama anayeshukiwa au aliyethibitishwa kuwa na Korona abaki na mwanawe chumba kimoja usiku na mchana, amweke kifuani ngozi kwa ngozi, na aanze kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Anachotakiwa ni kuvaa barakoa akiwa karibu na mtoto, kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumshika, na vitu anavyovigusa mara kwa mara visafishwe. Mtoto mchanga havalishwi barakoa kamwe, kwa kuwa inaweza kumziba pumzi.

Kama ni hivyo, mbona kuna akina mama waliotenganishwa na watoto wao?

Kwa sababu ushauri wa mwanzo haukuwa mmoja. Huko China, katika miezi ya kwanza ya mlipuko, wataalamu walipendekeza mtoto wa mama mgonjwa atengwe kwa siku 14. Nchini Marekani chama cha madaktari wa watoto kilishauri mwezi wa Aprili 2020 kwamba mama na mtoto watenganishwe kwa muda, kisha mwezi wa Julai mwaka huohuo kikageuza kauli, baada ya kuonekana kwamba watoto waliobaki na mama zao kwa tahadhari hawakuwa wakiambukizwa zaidi ya wale waliotenganishwa. Hata hivyo, katika miezi hiyo michache ushauri wa kwanza ulikuwa umekwisha kuzagaa, na hospitali nyingi duniani zilizokuwa na vitanda vichache, barakoa chache na hofu nyingi ziliuchukua kwa kuwa ndio ulioonekana kuwa na usalama zaidi.

Binti wa dada yangu alijifungua katika majira hayo, katika hospitali moja ya Pwani ambayo sitaitaja. Alikaa siku tatu bila kumshika mwanawe, naye hakuwa na dalili yoyote ila homa ya siku ya kwanza. Sidhani kwamba wauguzi wale walikuwa na ubaya. Walikuwa wakiogopa kama sisi, na wengine wao walikuwa hawajarudi makwao kwa majuma. Lakini hakuna aliyekaa naye kitandani akamweleza ni kwa nini na ni hadi lini, na hilo ndilo analolisimulia mpaka leo kuliko homa yenyewe.

Kutengwa, karantini na kutenganishwa ni kitu kimoja?

La. Karantini ni ya mtu asiyeumwa aliyekutana na mgonjwa, ambaye anasubiriwa kuona kama ataugua. Kutengwa ni kwa aliyekwisha ugua, ili asiwaambukize wengine. Kutenganishwa ni kumweka mama mahali na mtoto mahali pengine. Mama anaweza kutengwa akiwa pamoja na mwanawe katika chumba kimoja. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba utatengwa, uliza papo hapo kama unatengwa peke yako au wewe na mtoto, maana wengi hulisikia neno hili moja wakadhani ni hilo jingine.

Je, kumweka mtoto kifuani ni tiba au ni mapenzi tu?

Ni tiba, na hasa kwa mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo. Njia hii, inayoitwa ya kangaruu kwa sababu ya yule mnyama anayembeba mwanawe katika mfuko wa tumbo, ilianzishwa na madaktari wa Bogotá nchini Colombia mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Mtoto huvuliwa nguo zote akaachiwa nepi, kofia na soksi, akalazwa kifuani mwa mama katikati ya maziwa, uso ukiwa umegeuzwa upande ili pua iwe wazi, kisha wote wawili wakafungwa kwa leso. Kwa mwanamke wa Lamu aliyekua akibeba wadogo zake kwa leso, hili halihitaji mafunzo marefu. Tofauti ni kwamba mtoto anakuwa mbele, si mgongoni, na ngozi inagusa ngozi.

Joto la mama humpasha mtoto, mpigo wa moyo na pumzi zake humtuliza, naye akiwa karibu na titi hunyonya mara nyingi zaidi. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali zao hazijatulia, na mama zao wakawekewa vitanda ndani ya wodi ileile ya watoto wachanga. Kundi la pili lilisubiri mpaka watulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12 katika kundi la kwanza na asilimia 15.7 katika la pili, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati ili watoto wote waanze kuwekwa kifuani mapema. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo mapya: mtoto njiti awekwe kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Mwaka huohuo wa 2021 yalichapishwa makadirio yaliyoweka mizani wazi: kama kila mtoto njiti katika nchi maskini angepata huduma hii, zaidi ya maisha 125,000 yangeweza kuokolewa, ilhali vifo ambavyo vingetokana na kuambukizwa Korona kwa kukaa na mama havingefika 2,000. Inaposemwa, basi, kwamba mtoto anaondolewa kwa usalama wake, ni haki kuuliza ni usalama upi unaopimwa na upi umeachwa nje ya mizani.

Maziwa yangu yanaweza kumwambukiza?

Virusi hai vya Korona vyenye uwezo wa kuambukiza havijaonekana kupita katika maziwa ya mama. Kinachoweza kumfikia mtoto ni matone ya mate kutoka kinywani na puani mwako, na ndiyo sababu ya barakoa. Maziwa yenyewe, na hasa dang'a, yale mazito ya manjano ya siku za mwanzo, yana kinga dhidi ya maradhi mengi, na mama aliyeugua Korona au kuchanjwa huwa na kinga ya maradhi hayo pia ndani ya maziwa yake. Wako wazee ambao bado huyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Kwa heshima zote, bibi zetu walitufunza mengi mema, ila hili si mojawapo.

Mtoto wangu amelazwa katika wodi ya watoto wachanga nami niko wodi nyingine. Nifanye nini ili maziwa yasikauke?

Anza kukamua kwa mkono mapema, ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na uendelee mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Siku ya kwanza utapata matone tu, labda kijiko kimoja, nawe utadhani huna maziwa. Matone hayo ndiyo anayoyahitaji, kwa kuwa tumbo lake lenyewe ni dogo. Nawa mikono, vaa barakoa ikiwa unaumwa, kamulia katika chombo safi chenye mfuniko, na mwombe muuguzi aandike jina lako na saa uliyokamua.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda wa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25. Mji wetu katika majira ya kaskazi hupita hapo kwa urahisi, basi usiyaweke dirishani ukisubiri zamu ya mchana. Yapelekwe mara moja, au yawekwe katika jokofu, ambako hukaa hadi siku 4. Mtoto asiyeweza kunyonya hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au kinywani, na akipata nguvu kidogo hulishwa kwa kikombe kidogo. Chupa yenye chuchu ni bora iepukwe, kwa kuwa ni vigumu kuisafisha na humchanganya anapoanza kunyonya titi.

Mtu yeyote akija wodini kukupa kopo la maziwa ya dukani kama zawadi, ujue kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inakataza kuyatangaza na kuyagawa kwa namna hiyo. Daktari akiona sababu ya kitabibu ya kuyatumia, hilo ni jambo jingine, naye ataeleza.

Nikiwa mahututi, dada yangu anaweza kumnyonyesha mwanangu?

Kitabibu inawezekana, iwapo anayenyonyesha ana afya njema na amepimwa virusi vya ukimwi, na wauguzi wamearifiwa. Lakini hapa kwetu liko jambo la pili ambalo hospitali pengine hazitalitaja: undugu wa kunyonya. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa watu wa Lamu, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mara tano zilizo kamili kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo huwa ndugu zake ambao hawezi kuwaoa. Halikatazi kunyonyeshana, linataka kukumbukwa. Mama wa kunyonya ajulikane kwa jina, baba aarifiwe, na iandikwe mahali ambapo haitapotea. Kwa sababu hiyohiyo, benki ya maziwa ya kina mama kama ile iliyofunguliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, huwapa familia nyingi za Kiislamu mashaka, na ni vyema kumuuliza shekhe mnayemwamini kabla haja haijatokea.

Ninaogopa zaidi kupelekwa Malindi au Mombasa huku mtoto akibaki, au yeye apelekwe nami nibaki. Hilo hutokea?

Hutokea, na kwa maoni yangu ndio utengano mkubwa zaidi kwa watu wa visiwani, uwe wakati wa mlipuko au wakati wa kawaida. Mzazi wa Kizingitini huvuka kwa boti hadi Amu, yaani mjini Lamu, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lamu ambayo wengi bado huiita King Fahd. Ikilazimu kwenda mbele, huvushwa hadi Mokowe, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara kupitia Witu na Garsen mpaka Malindi, na zaidi ya kilomita 100 nyingine hadi Mombasa. Kusi ikivuma kwa nguvu, Juni na Julai, hata kule kuvuka kwa kwanza hungoja bahari itulie.

Mwaka 2020 yaliongezeka mengine. Kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi, na kuanzia tarehe 8 Aprili kuingia na kutoka katika kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa kukazuiwa. Wagonjwa wa dharura waliruhusiwa kupita, lakini jamaa aliyetaka kumfuata mgonjwa wake siku ya pili alikwama njiani. Mama akawa kitandani Amu, mtoto akawa Mombasa, na baba akawa hana ruhusa ya kuvuka mpaka wa kaunti. Hapo hakuna barakoa wala sabuni inayosaidia.

Linalosaidia ni kuyazungumza mapema. Katika mwezi wa nane wa mimba, muulize mhudumu wa kliniki: mtoto akipewa rufaa, je, mama aliyejifungua salama husafiri naye katika gari lilelile? Muuguzi mzoefu hupendelea asafiri naye, tena akiwa amembeba kifuani, kwa kuwa hiyo ndiyo njia rahisi ya kumlinda na baridi njiani. Kama umepasuliwa na huwezi kusafiri, amua tangu sasa ni nani atakayekwenda na mtoto badala yako, awe baba, mavyaa au khalati, na mtu huyo awe na kitambulisho chake, nakala ya kijitabu cha mama na mtoto, na nambari ya simu ya wodi. Wenye ujauzito wa hatari, kama vile pacha, presha, au waliowahi kupasuliwa, wangefanya vyema kuhamia kwa jamaa wa Amu au Malindi majuma mawili au matatu kabla ya siku zao.

Nani ataruhusiwa kuwa nami wakati wa uchungu?

Mtu mmoja uliyemchagua mwenyewe. Huo ndio ushauri wa kimataifa, na haukuondolewa wakati wa Korona. Kila hospitali ina utaratibu wake, basi uliza kabla. Mchague asiyeumwa, atakayekubali kubaki bila kutoka na kuingia, na ambaye hataanza kulia kabla yako.

Pamoja na mashaka haya yote, si afadhali nizalie nyumbani kwa mkunga?

Tunaielewa fikra hii, na mwaka 2020 wako waliofanya hivyo. Lakini mambo mawili yanayoua haraka zaidi, mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua na mtoto kuzaliwa asipumue, hayampi mtu nafasi ya kutafuta nahodha usiku. Mtoto asiyepumua anatakiwa asaidiwe ndani ya dakika moja. Hofu ya kutenganishwa kwa siku mbili haiwezi kulinganishwa na hilo. Mkunga wako unayempenda anaweza kuja nawe akawa ndiye yule mtu mmoja wa kukaa nawe, na wakunga wengi wa Lamu siku hizi hufanya hivyo hasa.

Majibu haya yanafaa kwa kila ugonjwa wa mlipuko?

Hapana, na tafadhali usiyahamishe. Kipindupindu hakimzuii mama kunyonyesha, wala kifua kikuu akiwa anatumia dawa, ingawa mtoto naye hupewa dawa ya kinga. Mpox, maradhi ya vipele yaliyokuwa yakiitwa homa ya nyani, iliyothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza Julai 2024, huambukiza kwa kugusana ngozi, na kwa hiyo lile lile linalosifiwa hapo juu huweza kuwa ndiyo njia ya maambukizi. Hapo daktari hupima hali ya kila mama na mtoto, na kutenganishwa kwa muda kunaweza kuwa sahihi. Kwa Ebola, mama akithibitishwa kuugua husimamisha kunyonyesha na mtoto hutenganishwa naye. Kila ugonjwa una njia yake ya kupita.

Nikiambiwa kwamba mtoto anaondolewa, niseme nini?

Uliza kwa upole, na mtu wako asikie majibu: sababu ni ugonjwa wangu, au ni hali ya mtoto? Ni hadi lini, na ni nani atakayeliangalia tena jambo hili kesho asubuhi? Ninaweza kwenda kumwona nikivaa barakoa? Kama siwezi, baba yake anaweza kumweka kifuani badala yangu? Maziwa yangu yatamfikia vipi? Omba sababu iandikwe katika faili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya huduma bora ya afya kadiri iwezekanavyo, ikiwemo ya uzazi, na kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wake. Huna haja ya kuvitaja kwa sauti ya kesi. Muuguzi aliyechoka humjibu vyema zaidi mtu anayemuuliza kuliko anayemtisha.

Hospitali inaweza kumzuia mtoto kwa sababu ya bili?

Haifai. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuia akina mama waliojifungua kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Ili msifike huko, jisajilini katika Mamlaka ya Afya ya Jamii kabla ya siku za kujifungua, kwani kujisajili ukiwa na uchungu ni taabu isiyo ya lazima.

Tukiruhusiwa kurudi nyumbani, wageni waje?

Msikubali kuondoka kabla ya saa 24 kupita, hata wodi ikiwa imejaa, na hakikisheni mtoto amepata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa na homa au akawa baridi kupita kiasi, au viganja na nyayo zikawa manjano, rudini mara moja bila kungoja maji kujaa. Ama wageni, arobaini yetu ilikuwa kinga nzuri kabla ya neno karantini kuingia katika lugha: mzazi alikaa ndani, akakandwa na mtu mmoja au wawili, na wengine wakaishia barazani. Iregesheni kama ilivyokuwa. Anayekohoa aleteeni kiti nje.

Ikiwa baba haruhusiwi kuingia, ni nani atakayemwadhinia mtoto?

Kumwadhinia ni sunna, na kuchelewa hakumdhuru mtoto. Baba anaweza kumwadhinia siku watakapotoka, hata kama ni mlangoni mwa hospitali, na mara nyingi huwapo muuguzi wa kiume Mwislamu ambaye akiombwa hufanya kwa furaha. Akika nayo, ikishindikana siku ya saba kwa sababu mtoto bado yuko wodini, huchinjwa siku ya kumi na nne au ya ishirini na moja.